Jogoo Mwekundu wa Babu Kasanda

Nikisema sioni aibu nitakuwa nadanganya, ndiyo maana jambo hili naliandika humu kwenye daftari kabla watu wa Magamba hawajaliongezea chumvi, maana tayari nasikia wapo wanaosema nilianza mpaka kumvua babu wa watu nguo ili aoshwe, na hilo si kweli. Nilimfunika uso tu.

Nataka kuwa nesi wa majumbani, yule anayewafuata wagonjwa kwao, anafunga vidonda na kupima presha mtu akiwa kwenye kiti chake. Baba hataki. Anasema kazi ile inataka mdomo, na mimi wageni wakija najificha jikoni (kweli). Mama Edina, mhudumu wa afya wa kijijini kwetu, ndiye aliyemwomba baba nizunguke naye likizo hii, baba akakubali kwa sharti kwamba nikishindwa nisimtajie tena chuo cha uuguzi.

Siku ya tatu tukaenda kwa Babu Kasanda, ana kisukari na kidonda cha mguu, na ni mtani wa ukoo wetu, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo ananiita mke wake, na baba anamwambia kila wakikutana kwamba siku akifa jogoo wake mwekundu ni halali yetu (kwetu msiba ukitokea watani wanaingia na vituko vyao, wanakamata kuku, na hakuna wa kuwazuia). Mama Edina akafungua begi lake, akakuta bandeji hamna.

"Nafika zahanati, narudi," akasema, tayari yuko juu ya baiskeli. "Wewe usimguse. Mpigishe stori tu."

Sasa stori ndiyo nisiyoiweza. Babu alikuwa amejilaza mkekani barazani, ametoka kunawa mikono, nikaona kuliko nikae kama kigingi bora nimshike mkono nihesabu mapigo, angalau nionekane nina kazi. Mkono wa baridi. Nikabonyeza kifundo upande wa kidole kidogo, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Nikaita "babu" kwa sauti yangu hii ambayo hata mwalimu akiita majina ananiandika sipo. Hakujibu (sikio lake moja halisikii, na lile zima alikuwa amelilalia, lakini hilo nililijua baadaye). Basi nikavuta kitenge kilichokuwa miguuni, nikamfunika uso, nikanyoosha na pindo likae vizuri, nikazunguka nyuma ya nyumba kwa mkwe wake, mama Rozi, aliyekuwa anapukuchua mahindi.

"Mama, nadhani babu ametutoka."

"Unasemaje? Ongea, mtoto."

Nikarudia. Akakimbia barazani, akaona kile kitenge, akaangua kilio, na kuanzia hapo neno langu la "nadhani" halikuulizwa na mtu. Majirani walijaa, mabenchi yakatolewa, mmoja akampigia simu mtoto mkubwa wa babu aliyeko Inyonga. Mimi nilisimama pembeni ya ukuta nikitafuta pa kuanzia kusema sina uhakika. Kisha akaingia baba, kama mtani, anapiga kelele, "Mzee kanikimbia, deni langu nalichukua," akamfukuza jogoo mwekundu uani mara mbili, akamkamata, akamchinja.

Kitenge kikasogea.

"Nani kanifunika uso?" Babu akauliza.

Mama Rozi alikimbilia kwenye mahindi. Babu akaketi, akamwangalia baba aliyekuwa na kisu mkono mmoja na jogoo mkono mwingine.

"Na wewe, hata nipoe hujasubiri."

Mama Edina akatokea na bandeji zake. Aliposimuliwa hakunigombeza, alinishika vidole mbele ya wote akaviweka kwenye mkono wa babu, upande wa dole gumba, na mapigo yalikuwepo, yanaenda vizuri tu. Machozi yakanitoka.

"Twende nyumbani," baba akasema bila kuniangalia. "Nilisema mimi."

"Haendi," Babu akasema. "Wiki ya pili huu mguu haunipi usingizi, leo nimelala, nyie mmekuja kunililia. Jogoo wangu mmemchinja. Huyu atakuja na mama Edina kunifunga kidonda mpaka kipone, na akija aongee nimsikie. Au unabisha, mtani?"

Baba akamtazama jogoo. Akaanza kumnyonyoa.

Yule mtoto wa Inyonga alifika jioni na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akanywa supu ya yule jogoo.

Nimeshaenda mara sita na kidonda kinafunga. Chuo baba hajakitaja, ila hajakikataza. Nimeapa kutomgusa mgonjwa tena kabla sijamsemesha, kwa hiyo nikifika kwa babu napaza sauti kutokea njiani, "Babu, upo?", majirani wanacheka, na sifungui bandeji mpaka ajibu, "Nipo, mke wangu. Mwambie baba yako bado."