Taja Bei, Halafu Nyamaza

Mwaka 2018 duka langu la uchapaji pale Irving, huku Marekani, lilikuwa mahututi. Kazi zilikuwapo, lakini kazi gani! Kadi za michango ya harusi, fulana za kwaya, mabango ya kipaimara: zote zinaletwa Ijumaa jioni, zinatakiwa Jumamosi asubuhi, tena kwa bei ya ndugu. Nikikataa, mimi ndiye mwenye roho mbaya. Mwenye jengo alikuwa ameshachoka na ahadi zangu. Alinipa hadi mwisho wa mwezi: nilipe pango lote au nitoe mashine zangu.

Mke wangu, aliyekuwa akirudi kutoka zamu ya hospitali miguu imevimba, alinikokota hadi kwa dada mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akiwafundisha wafanyabiashara wadogo. Sikumpenda hata kidogo. Alijua kila kitu, na kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli. Alituambia tuache kusubiri watu wa nyumbani, kila mmoja atafute kampuni moja yenye kazi ya kudumu.

"Unaenda, una-ask for the job, unataja bei, halafu unanyamaza," alisema. "Ukiongea baada ya bei, umeshajipunguzia mwenyewe."

Nikapata ghala moja kule Mesquite lililokuwa likifungasha vipuri vya mabomba. Kila boksi lilibandikwa lebo, na lebo zile peke yake zingeniokoa. Meneja alikuwa mama wa Kimarekani, mchangamfu. Siku ya kwanza nilimwambia nina duka la uchapaji, nikampa kalenda niliyoichapa mwenyewe, tukaishia kuzungumza habari za mama yake mzazi, aliyekuwa akiumwa goti. Nilipokwenda tena, nikaulizia goti. Safari iliyofuata akanionyesha picha ya bibi huyo akiwa ameshika keki, na kalenda yangu nikaiona imetundikwa ukutani. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

"Umemwomba kazi?" mke wangu akauliza.

Nikamweleza kwamba mtu huwezi kumvamia na shida zako kabla hamjazoeana. Nililelewa hivyo, na yeye alilelewa hivyo hivyo.

"Baba, mwezi unaisha," akasema, akaenda kuoga. Nilitamani anigombeze, ningekuwa na la kujibu.

Wiki ya mwisho nilikwenda Mesquite. Niliogopa nikianza salamu sitamaliza, kwa hiyo niliingia tu na kusema nataka kumchapia lebo zake zote. Akanikodolea macho. Akasema mkataba wa lebo ameshasaini na kampuni nyingine, siku chache tu zilizopita.

"Hukuwahi kuniomba," alisema kwa upole. "Nilidhani una kazi tele, unapita tu kunisalimia."

Nikamshukuru. Nikawa nageuka niondoke, naye akanishika mkono. Akasema mama yake amefariki Jumapili. Alihitaji vijitabu vya ibada ya mazishi, vyenye ile picha ya keki, na hakutaka achape mtu mwingine. Akauliza ni bei gani.

Kwetu swali hilo halina jibu. Msiba unachangiwa. Unasema pole, unachapa, na mfiwa akileta bahasha unairudisha. Nilimfahamu marehemu yule bila kumwona. Nilijua hata goti lililomsumbua ni la kushoto. Lakini nilimwona mwenye jengo mbele ya macho yangu, nikaona mashine zangu zikiburutwa nje, na hofu ikanishinda. Nikataja bei kamili.

Halafu nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

Hakupepesa macho. Alitoa kadi ya benki, akalipa, akanishukuru kwa kuwa nilikuwa namjali mama yake. Pole nilikuja kuisema nikiwa kwenye gari, vioo vimefungwa, nalia. Pesa ile haikutosha pango, na vile vijitabu ndivyo vilivyokuwa kazi ya mwisho ya duka langu.