Siku Husna Alipogoma Kumsinga Bibi Harusi

Asubuhi hiyo Husna Abdulkadiri aliamka kabla ya adhana, na hakuna kilichomwamsha ila furaha. Alikuwa anaenda kumsinga bibi harusi, kumsugua mwili mzima kwa singo, wa kwanza tangu aanze kazi hii. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, lakini alizunguka chumbani kama mtoto siku ya Idi.

Huyu Husna, kwa miaka tisa, aliuza mkorogo Kariakoo, yale makrimu ya kuchubua aliyoyachanganya mwenyewe kwenye beseni, na bango la biashara lilikuwa uso wake. Uso ukapendeza weee, halafu ukamgeuka. Ukaota mabaka, na jua likawa adui yake. Daktari wa ngozi akamwambia aache, naye akaacha siku ile ile. Sasa anasaga liwa, manjano, karafuu na mchele, anakoroga kwa maji ya waridi, na singo yake anaipaki kwenye chupa za siagi ya karanga ambazo wateja hurudisha kujaziwa tena. Ila wateja ni wa kuhesabika, maana Kariakoo haisahau, na muuza mkorogo aliyeokoka hachekwi kidogo. Kazi ya leo ikienda vizuri mbele ya wanawake wa koo mbili, atapata jina jipya. Ikiharibika, ndiyo basi tena.

Alifika Mchafukoge, ghorofa ya tatu, bakuli la singo kichwani na mfuko wa chupa mkononi. Vigelegele vilimpokea mlangoni.

"Shikamoo mama," alisema Amira, bibi harusi, akiwa amejifunga kanga juu ya mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Nikikumaliza leo, bwana harusi atakuuliza jina."

Wanawake walicheka, wakaanza kuimba na kupiga makofi, hata mama mkwe wa Amira aliyeketi kwenye kona na glavu zake za lesi. Husna akachota singo, akasugua mkono wa Amira kutoka begani. Mara ya tatu tu, binti aliuma midomo na kuvuta mkono. Husna akautazama vizuri. Ngozi ilikuwa nyekundu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na vifundo vya vidole vilibaki vyeusi. Alama hizo alizijua kuliko mtu yeyote mle ndani.

"Umepaka nini?" alimnong'oneza.

"Krimu ya mama. Wiki ya tatu hii. Alisema ukumbini nitaonekana mweusi." Amira alisita. "Anachanganya mwenyewe. Alisema wewe ndiye uliyemfundisha."

Husna alijisikia vibaya sana. Angeweza kuendelea polepole, binti akavumilia, watu wakasifu. Akaweka bakuli chini.

"Simsingi," alisema. "Ngozi imechubuka. Nikisugua namuumiza."

Nyimbo zilikatika. Shamsa, mama wa bibi harusi, alikuja mbio kutoka jikoni.

"Husna, unaniaibisha mbele ya wakwe zangu?"

"Da Shamsa, mchanganyiko ule nilikufundisha mimi, na nilikosea. Nipigie kelele upendavyo, lakini huyu mtoto simgusi na singo. Leo aoshwe kwa maji ya baridi tu, kesho aende kwa daktari. Harusini aingie na rangi yake mwenyewe, na ni nzuri."

Husna alianza kufunga chupa zake, akijua jina limekwenda na maji. Shamsa alimtazama mwanawe, akautazama ule mkono mwekundu. Kisha akaketi mkekani, akafungua ushungi taratibu. Shingo yake ilikuwa na mabaka meusi ambayo hata dada zake hawakuwahi kuyaona.

"Na mimi, Husna?" aliuliza. "Yangu itapona?"

Husna alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. "Sijui, da Shamsa. Yangu bado inapona. Lakini kwa daktari tutaenda sote, nitawapeleka mwenyewe."

"Subirini na mimi," alisema mama mkwe kutoka kwenye kona, akivua glavu alizokuwa amezivaa tangu asubuhi.