Spiriti Juu ya Sauti ya Bi Nassra

Kwa miaka ishirini na tisa Asila bint Muhannad alikuwa msaidizi wa maabara katika skuli moja ya sekondari mjini Unguja. Kazi yake kubwa ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, na walimu walimjua kwa ukali. Chupa yenye alama ya kidole aliirudisha kwenye beseni hata kama wanafunzi wameshapanga foleni mlangoni. Alipostaafu, mwaka 1999, alikaa nyumbani kwake Kiponda na sanduku la marehemu mumewe, Nasser, aliyekuwa akiuza santuri Darajani mpaka kaseti zilipomfungisha duka.

Sandukuni mlikuwa na santuri mia na kumi. Nyingi ni zile nyepesi za plastiki. Thelathini na kitu zilikuwa za zamani zaidi, nzito, za lakri, ambazo zikianguka huvunjika kama kigae. Katika moja ya hizo za lakri aliimba mama yake Asila, Bi Nassra, akiwa msichana wa miaka ishirini: wimbo mmoja upande huu, mwengine upande wa pili. Karatasi ya katikati ilikuwa na jina la mpiga fidla tu. Nakala nyengine Asila hakuwahi kuisikia kwa mtu.

Mwaka 2003 ikaanzishwa Shangani jumuiya ya kuhifadhi nyimbo za zamani. Mwenyekiti wake, Bwana Mkadam, alikuwa afisa mstaafu, mtu wa kanzu iliyonyooka na maneno ya mkutanoni. Walikuwa na kompyuta moja, mashine ya kupigia santuri, na fundi mmoja, Maha, mwanamke wa miaka thelathini na tano aliyejifunza kazi hiyo Dar es Salaam. Asila akapeleka sanduku lake.

Siku ya kwanza alimkuta Maha anaweka santuri kwenye mashine.

"Hiyo umeifuta?"

"Nimeipuliza, Bi Asila. Kelele zikibaki kompyuta itaziondoa."

"Itaondoa kelele, na itaondoa na pumzi ya mwimbaji. Na sindano ikikanyaga mchanga inauchimbia ndani. Hebu nitafutie maji ya betri, yale safi yasiyo asidi."

Maha alikasirika siku ile, lakini aliyatafuta. Asila akamuonesha: kwanza brashi laini, kuzunguka na mifereji inayopita sindano, si kuikata. Kisha maji ya betri yaliyotiwa tone la sabuni, kwa kitambaa kilichokamuliwa, na karatasi ya katikati isiguswe na unyevu. Kisha maji hayo hayo bila sabuni. Kisha santuri isimamishwe kwa ukingo wake mpaka ikauke. Za plastiki zenye koga ngumu zilipitishwa spiriti kidogo. Za lakri, kamwe, kwa sababu spiriti huyeyusha lakri. Asila aliliandika hilo kwa wino mwekundu na kulibandika ukutani juu ya beseni. Walipoisikiliza ile santuri ya kwanza baada ya kusafishwa, Maha alivua vipokea sauti masikioni, akamwangalia, na hakubishana naye tena.

Mwezi wa tatu wa kazi hiyo Asila alifiwa na shangazi yake, akenda msibani Makunduchi siku nne. Aliporudi mjini alipita ofisini kabla ya kufika kwake. Maha hakumwangalia usoni.

"Shikamoo, Bi Asila."

"Marahaba. Kuna nini?"

Maha akamletea, juu ya kitambaa, santuri ya Bi Nassra, ambayo ilikuwa bado haijaingizwa kwenye kompyuta. Upande wa kwanza ulikuwa umefifia ukawa rangi ya majivu, umevurugika kama masizi yaliyofutwa kwa mkono wenye maji. Mifereji haikuonekana. Asila aliinusa, na harufu akaijua: spiriti.

"Nani?"

"Bwana Mkadam. Wageni wa kutoka nje walikuja juzi, akataka wasikie kitu cha zamani kabisa. Nkamwambia ngoja Bi Asila, akasema kufuta sahani ya santuri hakuhitaji digrii. Mwenyewe anasema alipoona pamba inageuka nyeusi alidhani ni uchafu, akazidi kusugua. Mimi nlikuwa chini, nnawapokea wageni."

"Na karatasi yangu ukutani?"

"Ilikuwepo."

Asila akaomba daftari la orodha ya santuri zilizopokelewa. Kwenye mstari wa santuri ile palikuwa na mwandiko wa Mkadam: *Ilipokelewa ikiwa imeharibika. Mwimbaji hajulikani.*

Lingekuwa kosa la mkono tu, angelilia akaenda zake. Mstari ule ndio uliomuwasha moto. Alisema baadaye kwamba alihisi kama mtu amemuua mama yake, kisha mtu huyo akasema mama hakuwahi kuzaliwa.

Jumamosi kamati ilikuwa na kikao, watu saba. Asila aliingia bila kubisha hodi na kuweka mezani chupa ya spiriti, pamba, na kipande cha santuri ya lakri iliyovunjika zamani.

"Bi Asila, tuko kwenye ajenda," alisema Mkadam.

"Na mimi nimo ndani yake. Futa."

"Nifute nini?"

"Hicho kipande. Futa kama ulivyofuta siku ile."

Mkadam akatabasamu kuwaangalia wenzake. Hakuna aliyemrudishia tabasamu. Asila akalowesha pamba mwenyewe, akasugua mara tatu, akainyanyua. Ilikuwa nyeusi tititi, na kipande kimekuwa cha majivu.

"Huu si uchafu. Hii ndiyo santuri yenyewe. Mama yangu umemfuta akakubakia kwenye pamba, ukamtupa kwenye ndoo, kisha ukaandika kuwa nimekuleteeni kitu kibovu. Mimi nimeosha vyombo miaka ishirini na tisa, Bwana Mkadam. Nilipovunja, niliandika nimevunja."

"Ilikuwa bahati mbaya. Tusikuze mambo."

"Bahati mbaya haishiki kalamu."

Maha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo lakini ya kusikika, "Ilifika nzima. Mimi niliipokea." Alijua kazi yake iko mikononi mwa mtu yule.

Kamati ilimlazimisha Mkadam aukate mstari ule na kuandika upya mbele yao. Aliandika. Asila akamwambia aongeze jina: Nassra binti Sheha, mwimbaji. Akaongeza. Samahani hakuitamka, siku ile wala nyengine.

Upande wa pili wa santuri spiriti haikuufikia. Asila aliusafisha Jumatatu, peke yake, na kazi ya nusu saa ikamchukua asubuhi nzima. Maha akauingiza kwenye kompyuta. Sauti ya msichana ilitoka nyembamba, ina haraka kidogo, na baina ya beti alisikika akivuta pumzi. Maha akalia. Asila hakulia. Alikuwa anausikiliza wimbo huu huku akiutafuta kichwani ule wa kwanza, na maneno yake mengine yalikuwa yameshampotea.

Alitaka kulichukua sanduku lake. Badala yake alichukua ufunguo wa chumba cha kusafishia, na kamati ikakubali kuwa haingii mtu bila yeye. Alifanya kazi humo miaka mitatu, mpaka santuri ya mwisho ya jumuiya. Mkadam akipita ukumbini na kumsalimia, alimjibu salamu kama dini inavyotaka, kisha akageuza uso kwenye beseni.