Banda Juu ya Jukwaa la Marehemu

Nilipoolewa Bububu, katika miaka ya hamsini, nyuma ya nyumba nilikuta jukwaa la mbao, limeinuka usawa wa goti. Alilijenga baba mkwe wangu alipoanza kuvimba miguu, akawa hawezi tena kukaa mkekani. Alasiri zake za mwisho alizimalizia pale. Alipofariki, hakuna aliyelikalia. Tulilifagia tu.

Mimi nilikuwa nashona. Cherehani ilikaa ukumbini, na vitambaa vya watu vilirundikana hadi mlangoni. Mume wangu alitaka kunijengea banda, lakini kila alipopima uani ndipo maji ya mvua yalipopita. Jukwaa sote tulilitazama, hakuna aliyethubutu kulitaja.

Siku moja mama mkwe alitoka na ungo wa mchele, akamwambia mwanawe, "Jenga pale juu."

"Pale pa baba?"

"Nshasema. Mbao zinaoza, na nyie mnazizunguka kama kaburi. Kaburi lake lipo, mnalijua."

Mume wangu alibandua mbao kwanza, atazame chini. Boriti zilizogusa udongo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea. Akazitoa, akatia mpya za mkoko, akazilaza juu ya mawe. Nguzo za banda hakuzisimamisha juu ya mbao. Alizifunga kwenye boriti zenyewe, uzito wote ushukie mawe. Juu akaezeka makuti, pembeni akapigilia mbao za masanduku ya chai. Mianya ya sakafuni nilitaka aizibe, sindano zangu zisipotee. Akakataa.

"Mvua ikiingia, maji yatatokea wapi?"

Siku ya kuingiza cherehani nilivua viatu mlangoni, kama naingia chumbani kwa marehemu.

Masika ilipofika, uani kulijaa maji nami nashona miguu mikavu. Mama mkwe naye akahamia humo na ukili wake wa kushonea mikeka. Akawa anawaambia wateja wangu, bila ya kuulizwa, kwamba mikono ya gauni ni mifupi. Mmoja alikasirika, akachukua kitambaa chake akaondoka. Nilinuna mpaka jioni. Kesho yake mteja yule akarudi, akaomba mikono irefushwe. Mama mkwe alikunja ukili wake, akasogea kumpisha akae.