Bendi Mbili za Paskazia

Jumatatu ile asubuhi tulikaa kitandani kama siku zote, mke wangu Paskazia kushoto, mimi kulia, redio ndogo ya memori kadi katikati. Waya wa masikioni ni mmoja, una ncha mbili. Yeye alitia ncha moja, mimi nyingine. Peke yake hakusikiliza, alisema ni uchoyo.

"Msikie huyo wa tarumbeta anavyowakimbiza," alisema.

"Tarumbeta gani? Hapa kuna saksafoni."

"Masikio yako yameziba, Baba Loveness."

"Yako ndiyo yamezeeka."

Rekodi ile tuliibishania hivyo miezi minne.

Tulikuwa Geita, nyumbani kwa binti yetu Loveness. Tulikuja kwa wiki mbili tu, Paskazia atibiwe, na sasa ulikuwa mwezi wa nne. Moyo wake ulitanuka, miguu ikawa inavimba. Mume wa Loveness, Stanslaus, ananunua dhahabu, kwa hiyo ukuta wake ni mrefu, juu una vipande vya chupa, na geti linafungwa kufuli hata mchana. Loveness akienda dukani anaondoka na ufunguo. Dirisha la chumba chetu linatazama ukuta.

Na kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe wake hawaonani ovyo. Hawali pamoja, hawakai sebule moja. Gari likiingia, Paskazia anarudi chumbani na kufunga mlango. Siku Stanslaus asipotoka, hata chooni anakwenda kwa kuvizia. Muziki wake nao hakutaka mkwe ausikie. Ndiyo maana ya ule waya.

Muziki wenyewe ni jazi. Bendi zetu za Tabora na Mwanza tulizocheza ujanani alizipenda, ila alisema, "Hizo zinakupeleka unakokujua." Yake ilikuwa jazi ya Wamarekani. Zamani, kabla ya mgodi mkubwa, alipika kwenye kambi ya watafiti wa miamba huko huko Geita. Mmoja wao alipoondoka alimwachia katoni ya kaseti. Majina yaliandikwa Kiingereza, hatukuyaweza. Basi wapigaji akawapa majina yake.

Wa piano mmoja alimwita Mwenye Mwiba. Anagusa, anaacha, anagusa tena mahali usipotegemea, kama mtu mwenye mwiba mguuni. "Hapotezi neno," alisema. "Kama wewe. Ila yeye akinyamaza nasikia kitu."

Mpiga ngoma alikuwa Mpura Mtama, anapura huku mvua inakuja. Yule wa gitaa kubwa la kusimama nalo ni Mwenye Nyumba. Wengine wote wageni, wanakuja wanagombana wanaondoka, yeye yupo. Wa tarumbeta laini hakumtaka kabisa. "Anapiga huku anajitazama kwenye kioo."

Yupo pia wa saksafoni anayelia mpaka spika inakwaruza. Tulipokuwa kwetu Didia majirani walikuja kuuliza tunachinja nini. Mimi nilimwona mgonjwa.

"Si mgonjwa," Paskazia alisema. "Anajua mlango upo, hajui uko wapi. Anapiga ukuta wote."

Kaseti zilipochakaa fundi wa simu alizihamishia kwenye kadi.

Sasa Jumatatu ile, tukiwa tunabishana, ncha yangu ikanitoka sikioni. Akaiokota, akaitia sikio lake la pili. Kisha akashika kichwa.

"Mayu! Ni bendi mbili!"

"Wapi?"

"Moja huku, moja huku! Zinapiga pamoja, hazingojani. Miezi minne wewe unasikiliza watu wengine na mimi wengine, tunaitana viziwi!"

Alicheka mpaka akakosa pumzi, nikamshika mgongo. Alipotulia alisema shughuli hiyo anaijua. Ni uwanja wa ngoma baada ya mavuno, vyama viwili vya wachezaji, Bagika upande huu, Bagalu upande ule, wanacheza wakati mmoja, na watu wanakimbilia palipo na utamu. Yeye mwenyewe alicheza upande wa Bagika.

"Nani anashinda?" nilimuuliza.

"Hapa siwezi kujua. Hapa wote wamejazana kichwani. Nataka spika mbili uani kwangu Didia, moja kwa kuku, moja zizini, sauti juu. Nitembee katikati, niende ninakovutwa." Akavua waya. "Utamwambia leo?"

Mwezi mzima alikuwa ananiomba nimwambie Stanslaus aturudishe. Loveness alikataa, eti Didia ni mbali na kliniki. Mwenye gari na mwenye kauli alikuwa Stanslaus, na Paskazia hawezi kusimama mbele yake. Nilibaki mimi.

Saa kumi Stanslaus alirudi. Nikaenda sebuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mama anaendeleaje? Dawa zipo?"

"Zipo."

"Mkikosa kitu semeni, baba. Mtaani hapa wananitania, wanasema wakwe zangu nimewaoa." Akacheka. "Mimi sijali. Kaeni."

Nilitazama zulia. Nilikuwa na maneno matatu tu: turudishe kwetu Didia. Nikasema, "Tunashukuru, baba."

Nilirudi chumbani. Paskazia alikuwa anautazama mlango.

"Amesemaje?"

"Amekubali. Jumamosi."

Sijui lilitokaje. Nilijiambia kesho nitamwomba, iwe kweli. Jumanne sikumwomba. Jumatano Stanslaus alisafiri. Paskazia alikunja kanga zake, akazitia kwenye mfuko wa salfeti, redio juu. Alhamisi Loveness alipokuja kumwamsha kwa ajili ya kliniki, alikuwa ameshakufa. Mfuko ulikuwa mlangoni, umefungwa kamba.

Jumamosi Stanslaus alitupeleka Didia. Jeneza lilikuwa nyuma kwenye pikapu, mimi nilikaa mbele pamoja naye. Kahama aliniuliza kama nataka maji, nikasema hapana.

Ua wangu hauna geti. Watu wanaingia kunipa pole, wanatoka. Mimi bado niko kwenye kile chumba cha Geita kinachotazama ukuta.

Kama Paskazia alijua nadanganya, sijui. Sijamwambia mtu mpaka nilipoandika hapa. Nilipomtajia Jumamosi alinitazama kidogo, akajifuta uso na ncha ya kanga, akasema:

"Basi mimi nitakaa mbele na Stanslaus, wewe kaa nyuma na mizigo. Hii aibu ya ukwe nimeichoka."