Siku Tuliyopandisha Pazia Juu ya Jalala

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Biro, mkuu wa ofisi yetu, alinipa viatu vya mpira, kofia ya jua, na swali.

"Madame Vumilia, weye unajua kutazama?"

Nilikuwa nimevaa kitenge kipya alichonishonea mama kwa ajili ya siku hiyo, na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka tu kumaliza masomo ya jiografia hapa hapa Bunia. Nikamjibu kwa adabu kwamba kila mwenye macho anajua kutazama. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akanitoa barazani na kunionyesha vilima vya upande wa barabara ya Bogoro.

"Sema unaona nini."

"Naona vilima, majani, ng'ombe na mawingu."

"Na munara ya simu?"

Nikatazama tena. Mnara ulikuwepo, katikati kabisa, mwekundu na mweupe, mrefu kuliko kitu chochote mbele yetu. Nilikuwa nimeupita kwa macho kana kwamba haupo.

"Umeshauzoea," akasema. "Siye kazi yetu ni kutazama kitu mbele batu bakizoee. Kwenda vaa viatu."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kupima madhara ya macho, ambayo bironi tuliita impact visuel. Mama yangu aliwaambia majirani kwamba binti yake yuko serikalini, akaishia hapo. Alipojaribu kueleza zaidi, walimwonea huruma.

Ninyi vijana mnaoifanya kazi hii kwa kompyuta, niwaeleze tulivyoifanya siye. Mtu akitaka kuchimba mawe, kusimamisha mnara au kulundika takataka, ilikuwa lazima kwanza ijulikane nani atakiona kitu hicho, kutoka wapi, na kwa muda gani wa siku yake. Tulianza kwa kuchagua pahali pa kutazamia, yaani pale watu wanapopita, wanapokaa au wanaposali. Halafu tulipima mstari wa macho. Kama kati ya jicho na kitu kuna kilima au miti, mstari umekatika, na mtu huyo hana shida. Mwisho tulipiga picha ya mahali, na juu ya picha tukachora kile ambacho bado hakijajengwa, ili watu wakione kabla hakijafika.

Mimi nilichora kwa penseli, na sikuwa hodari. Shefu wa Biro aliponituma kijijini Bule kuonyesha hangari mpya ya soko, wazee waliigeuza picha yangu huku na huku. Mmoja akauliza kwa nini serikali inawaletea ng'ombe mkubwa namna ile, na nani atamlisha.

Kutoka Bule nilipelekwa Iga Barrière, ambako walitaka kupanua machimbo ya mawe ya barabara. Nilipendekeza safu ya miti ili machimbo yasionekane kutoka njia kuu. Nilidhani nitapigiwa makofi. Mama mmoja mwenye mgahawa, aliyehamia pale kutoka Butembo, alisimama katika mkutano akiwa bado na mwiko mkononi.

"Miti yako itaficha mugahawa yangu! Bashofere banionee wapi? Miye ninataka hiyo impact. Iyo visuel yote, niletee miye."

Mkutano mzima ukamuunga mkono. Nikarudi Bunia na picha zangu chini ya kwapa.

Nilikuwa mtu mzima kazini, tayari naitwa Mama na kila mtu, Direkta mpya alipofika. Alikuwa mtu wa haraka. Alitembea huku akizungumza na simu mbili, na mara nyingine kila simu ilipewa jibu la mwenzake. Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa jalala la mji. Lilikuwa limejaa. Mpango ulikuwa kulipandisha juu pale pale lilipo, tabaka juu ya tabaka, mpaka lipite kilima cha jirani.

"Andika impact faible, tumalize," akasema. Impact faible maana yake madhara ni madogo, na faili linafungwa.

"Direkta, acha kwanza nikatazame."

"Utatazama nini, Mama Vumilia? Takataka ni takataka."

Nikaenda. Ng'ambo ya bonde lililo mbele ya jalala nikakuta nyumba mpya ya matofali. Mwenyewe alikuwa Muzee Zakaria, aliyerudi kwenye shamba lake baada ya miaka mingi ya kuishi katika kambi ya waliokimbia vita. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na dirisha kubwa kuliko mlango. Nililikuta liko wazi, naye amekaa ndani yake kama picha kwenye fremu. Akanisalimia kutoka humo.

"Mule mu kambi," akaniambia, "nilikuwa nafungua hema asubui, naona hema ya mujirani. Naye anafungua yake, ananiona. Kila siku. Tulichokana sana, mama. Nikasema, siku Mungu ananirudisha kwetu, nitaweka dirisha ya kuona mbali."

Na kweli aliona mbali. Kulikuwa na bonde, mashamba ya mahindi, kisha vilima vinavyoshuka kuelekea ziwa, kimoja nyuma ya kingine, mpaka vinageuka rangi ya moshi. Nikachukua vipimo vyangu. Lundo jipya lingesimama katikati kabisa ya dirisha lile.

Akaniuliza lingefika wapi. Nikasimama mbele ya dirisha na kumwonyesha kwa mkono. Akautazama mkono wangu, kisha akatazama mahindi.

"Sawa," akasema. "Nitazoea. Hata hema nilizoea."

Njia nzima ya kurudi mjini nilikaa nimegeukia dirisha la nyuma. Dereva wetu, Shabani, aliniuliza mara mbili kama ninaumwa.

Direkta alinisikiliza akiwa amesimama. "Muzee moja, dirisha moja. Ni faible."

"Direkta, tusibishane kwa maneno. Tusimamishe alama pale juu ya jalala, ya urefu ule ule lundo litakaofikia. Kisha tuzunguke tuone inaonekana mpaka wapi."

Kwenye ofisi zenye vifaa, alama hiyo huwa puto kubwa lililofungwa kwa kamba. Siye tulikuwa na miti ya kaliptusi, tukaiunganisha mmoja juu ya mwingine kwa nyaya. Kilichokosekana kilikuwa kitambaa cha rangi kali, kinachoonekana toka mbali. Direkta, ili niondoke mbele yake, alifungua buti la gari na kunirushia pazia jekundu lenye nyuzi za dhahabu ukingoni.

"Chukua hii. Madame wa kwangu alisema niipeleke kwa fundi, inanisumbua mu gari wiki nzima."

Asubuhi iliyofuata, Shabani na vibarua wakausimamisha mlingoti juu ya jalala. Upepo ukalikamata pazia, likafunguka lote, na nyuzi za dhahabu zikang'aa juani. Lilipendeza kwa namna ambayo jalala lile halikuwahi kupendeza. Nikachukua kamera na ramani yangu ili nianze kuzunguka kwa gari. Sikufika hata kwenye gari.

Pikipiki ya kwanza ilileta wanaume wawili wachimba dhahabu, na masepetu na beseni.

"Mama, wapi mupaka?"

"Mpaka wa nini?"

"Ya dhahabu. Tumeona bendera ya kufungua shimo."

"Hakuna dhahabu hapa. Hii ni jalala."

Wakatazamana, wakatabasamu kwa upole, kama watu wanaomsamehe mtu. "Ee mama, usitufiche. Batu ya pubeli, ya takataka, habawekake bendera."

Wakaanza kuchimba. Kabla sijawazuia, zikaja pikipiki nyingine, na nyingine. Nyuma ya wachimbaji wakaja akina mama wa chai na mandazi, maana penye wachimbaji pana njaa. Nyuma yao akaja mchungaji wa kanisa la kilimani pamoja na nusu ya kwaya yake, kuuliza ni kanisa gani linaanza kampeni ya injili bila kumwarifu. Akaja pia Shefu wa Kartie, mwenye kusimamia mtaa ule, amevaa koti lake la sherehe. Alitaka kujua ni chama gani, na kama kuna kiti chake mbele.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Kazi yangu yote ya siku ilikuwa imekanyagwa. Shabani akaniletea chai. "Mama," akasema, "batu yote hii imetoka wapi?"

Nikainua kichwa. Aliuliza tu kwa kushangaa, lakini hilo ndilo swali lililonileta pale. Watu hawa wote walikuja kwa sababu waliliona pazia. Mimi nilitaka kuzunguka kutafuta pahali pa kutazamia, na sasa pahali penyewe palikuwa pamenijia kwa miguu.

Nikafungua ramani na kumwendea kila mmoja. Wachimbaji waliliona kutoka mashimo yao ng'ambo ya mto. Akina mama wa chai waliliona kwenye kona ya barabara ya Bogoro, wakashuka palepale. Shefu wa Kartie aliliona kutoka kitandani, na akaomba nisiandike hivyo.

"Na weye, Pasta?"

"Kwenye uwanja wa kanisa. Nilikuwa naomba."

"Macho wazi?"

Kwaya ikakohoa. Mchungaji akasema kwamba kuna aina nyingi za maombi.

Nilitia alama nyekundu kwa kila jibu, mpaka Shabani akasema ramani imeshikwa na surua.

Hapo ndipo Direkta alipofika, amekasirika, simu moja sikioni na nyingine mkononi. "Mama Vumilia! Nani aliruhusu soko hapa?" Mama mmoja akamkaribisha andazi la moto. Alikuwa bado anatafuta mkono wa kulipokea, simu ya pili ikalia. Alikuwa mke wake, mwanamke ambaye sauti yake haikuhitaji simu.

"Papa Christelle, niko ku chantier, juu ya terasi." Walikuwa wanajenga nyumba kwenye kilima cha pili, nyumba nyeupe yenye baraza ya juu. "Naona pazia yangu."

"Pazia gani, mama?"

"Pazia ya saloni yangu iko juu ya pubeli! Naiona mpaka na nyuzi!"

"Niliipeleka kwa fundi."

"Fundi gani anashonea mu hewa?"

Wachimbaji wakaacha kuchimba. Hata mandazi nadhani yaliacha kuchemka. Direkta akatugeuzia mgongo, lakini sauti ilitufikia vilevile.

"Na ukiitoa, pale kutakuwa nini?"

Nitamsifu Direkta kwa jambo hili mpaka kufa. Hakumdanganya mke wake.

"Takataka."

"Mupaka urefu ule?"

"Mupaka urefu ule."

Yaliyofuata siyaandiki, kwa heshima ya familia. Alipomaliza, Direkta aliweka simu zote mbili mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona mikono yake ikiwa mitupu. Akaitazama ramani yangu kwa muda.

"Ile nyumba nyeupe, umeiweka?"

"Bado, Direkta."

"Weka." Akasita. "Na yule muzee wa dirisha?"

"Yuko."

"Weka yeye mbele. Miye nitakuja nyuma yake, isionekane vibaya. Na uandike impact fort, madhara makubwa."

Hivyo ndivyo jalala la mji lilivyoacha kupanda. Likapanuliwa kuelekea chini, kwenye mashimo ya zamani ya wachoma matofali, ambako hakuna dirisha linalofika, na kando ya barabara tukapanda safu za mikaliptusi. Waliochelewa kuondoka ni wale wachimbaji wawili wa kwanza. Walichimba mpaka jioni, wakapata vijiko na pasi ya mkaa, wakaondoka wakiwa na hakika kwamba dhahabu tumeihamisha.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia Muzee Zakaria. Nilimkuta jikoni, amejaa vumbi, patasi mkononi. Alikuwa amekwisha kutoboa nusu ya ukuta wa upande mwingine.

"Ni dirisha ya pili," akasema. "Nilisema kama ile moja inakufa, niko na ingine."

Nikamweleza. Akakaa juu ya matofali aliyoyabomoa, akajifuta uso kwa kofia. Kisha akasimama na kuendelea kutoboa.

"Muzee, si nimekwambia lundo haliji?"

"Nimesikia, mama. Sasa nitaona pande mbili."

Nilistaafu siku ambayo ofisi ilipata ndege ndogo ya kupiga picha angani. Vijana waliirusha kwenye sherehe yangu ya kuaga, ikakwama kwenye paa, na hotuba ya Direkta ikasubiri mpaka walipopata ngazi. Sina neno baya juu ya vyombo vyenu. Vinaona zaidi yetu. Ila bado ninawaomba mgonge mlango wa mtu na kumuuliza yeye anaona nini akiamka, maana hicho, ndege haikisemi.

Watoto wangu wanalalamika kwamba sijui kustaafu. Nikisafiri nao, nawahesabia kila kitu kilichosimama pasipofaa, mpaka wanajifanya wamelala. Juzi nilimwomba Shabani, ambaye naye sasa ni mstaafu na ana teksi yake, anipeleke nikaone mikaliptusi yetu. Imekuwa mikubwa, minene, imenyooka vizuri. Jalala huwezi kuliona. Mbele ya miti nikakuta maharusi, bibi harusi amevaa nguo ndefu nyeupe, wasimamizi wamevaa kijani, wamekuja kupigwa picha kwa sababu mahali panapendeza. Upepo ulikuwa unatoka upande usiofaa, kwa hiyo kila wakati mpiga picha aliposema tayari, wote walibana pumzi na kutabasamu.

Nilisimama kuwatazama, nikasahau nimesimama wapi. Mpiga picha akashusha kamera.

"Mama! Sogea kidogo, unaharibia batu paysage, mandhari yote."

Nikaomba msamaha, nikaenda kujificha nyuma ya mti. Akachungulia kwenye kamera yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa ni muzuri," akasema.