Firigisi Niliila Mimi

Firigisi niliila mimi. Nasema mapema asije akasingiziwa paka.

Wageni wa posa walikuwa wanatoka Lusewa, wanakuja hapa kwetu Mjimwema kumposa mjukuu wangu. Asubuhi binti yangu, mama wa huyo mjukuu, akanisimamia mlangoni kwa jiko na ile sauti yake ya kusoma matangazo kanisani: "Mama, nakuomba, leo tu. Firigisi ikae juu ya bakuli, baba mdogo wa kijana aione. Usituaibishe."

Nikamwambia, "Sawa, mwalimu." Wala si mwalimu.

Kwetu firigisi ni ya mwanaume, au ya mkwe aliyekuja. Mwanamke akiipenda, wanasema huyo jeuri, hatawaliki. Marehemu mume wangu aliitafuna miaka yote, macho kafumba: "Mmmh, leo imekolea!" Mimi nimefuga kuku, nimenyonyoa, nimebaki na shingo. Tulipomzika, kuku wa kwanza niliyechinja, firigisi niliila nimesimama hapo hapo jikoni. Sijaiacha tena.

Basi nageuza kuku kwenye sufuria, namwona mjukuu anaiangalia ile firigisi. Anaiangalia tu, kama mimi nilivyokuwa naiangalia enzi zangu. Nikachukua kisu, nikaipasua katikati.

"Shika."

"Bibi, mama ataniua!"

"Atuue wote."

Tukatafuna ya moto, machozi yanatutoka.

Sebuleni baba mdogo akafanya ishara ya msalaba, akatia kijiko kwenye bakuli. Akageuza paja, akageuza bawa, akageuza tena kama mtu aliyedondosha ufunguo. Yule anaongelea puani, neno moja moja: "Samahani, wenyeji. Huyu kuku... alizaliwa bila firigisi?"

Binti yangu uso umemshuka. Mjukuu pale mkekani anavuta uzi wa kanga yake, nikajua anaona mchumba ndiyo huyo anakwenda. Nikasema, "Alikuwa nayo, baba. Nimeila mimi, na huyu mnayemposa nimempa nusu."

"Bibi, mwanamke mla firigisi ana kichwa kigumu. Sisi tumekuja kutafuta mke."

"Tafuteni. Hiki kichwa kigumu kimelima mahindi mpaka watoto sita wakasoma, na mwenyewe hata herufi a siijui. Ukitaka laini, nenda sokoni, maparachichi yapo."

Mshenga wao akakohoa. Baba mdogo akanawa mikono, na ugali ungali unatoa moshi. Mgeni akinawa hajala, anakuaga huyo.

Hapo kijana mwenyewe, ambaye tangu aingie alikuwa hajasema zaidi ya shikamoo, akafungua mdomo. Sauti nyembamba kama ya kuungama kwa padri: "Baba mdogo, mimi firigisi siipendi. Toka utoto. Mkinipa naificha shavuni, nikitoka nje natema."

"Unatema?"

"Natema."

Baba mdogo akamtazama kama ndiyo anamwona leo. "Sasa mwanaume asiyekula firigisi ni mwanaume gani?"

"Ndiyo huyu."

Mshenga alicheka wa kwanza, supu ikampalia. Mjukuu wangu akaachia ule uzi. Baba mdogo hakucheka, lakini mtoto wao kashasema mbele za watu, angemfanya nini? Akavuta bakuli, akachukua paja, mazungumzo ya posa yakaendelea mpaka siku ikapangwa.

Walipoondoka binti yangu akanijia juu, sauti ya matangazo imempotea kabisa: "Mama, kidogo tu ungeivunja ndoa ya mtoto!"

"Ndoa gani? Kama inavunjwa na kinyama cha kuku, ivunjike leo, wageni wangali kwenye viti. Asubiri azae watatu ndiyo aambiwe yeye ni jeuri?"

Akaenda kuosha vyombo, anavigongagonga. Nikamwacha avigonge.